Mzee Aliye Mikononi mwa Wengine ni Amana

 

Leo tunakusudia kueleza jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja. Wako wazee waliotoka katika mikono ya watoto wao na kuingia katika mikono ya watu wengine. Baadhi yao wako katika makazi ya wazee, baadhi wako na mtumishi wa kulipwa, na baadhi wamekabidhiwa kwa jamaa wa mbali. Tutaeleza namna dhuluma na kutelekezwa kunavyowafikia wazee hao, dalili zake, na yatupasayo kufanya tukiziona.

Sisi tulio Tabora tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita njia hii kwa miguu, kila mmoja amejitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kiasi cha kilo 32. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji ni ukumbusho wa njia hiyo, na mpaka leo twakaa katika kivuli chake.

Lakini uko ukumbusho mwingine usio na kivuli. Mpagazi aliyeshikwa na ndui au kuhara damu, akashindwa kwenda, mara nyingi aliachwa kando ya njia. Msafara haukuweza kungoja, maana maji na chakula vilikuwa mbele. Aliyekuwa na wenzake wa kambi moja, waliokula naye chungu kimoja, aliweza kuwa na tumaini; pengine waligawana mzigo wake, pengine mmoja wao alirudi nyuma kumtazama. Asiyekuwa na wa kurudi nyuma aliangamia, ijapokuwa hakuna mtu aliyemwinulia mkono kumpiga. Hilo ndilo tunaloomba likae mioyoni mwetu leo: mnyonge haangamizwi na adui peke yake, huangamizwa pia na kukosa mtu wa kurudi kumtazama.

Ndugu zetu, katika Tanzania Bara Serikali huendesha makazi ya wazee na wasiojiweza katika mikoa kadhaa. Hapa Tabora yako makazi ya Ipuli. Shinyanga yako Kolandoto. Mwanza yako Bukumbi. Kigoma yako Kibirizi. Na Dar es Salaam yako Nunge, huko Kigamboni. Unguja yako makazi ya Sebleni na ya Welezo. Yako tena makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Baadhi ya makazi ya namna hii asili yake ni vijiji vya wagonjwa wa ukoma. Wanaoishi humo ni watu wa hali mbalimbali: mtu aliyetoka nchi ya mbali akiwa kijana kutafuta kazi ya mkonge au ya reli, asirudi tena kwao, mama aliyewazika watoto wake wote, bibi aliyekimbia kijiji chake baada ya kusingiziwa uchawi.

Idadi yao si kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea, karibu 5.6 kwa mia ya watu wote wa Tanzania, na walio wengi mno katika hao hutunzwa majumbani. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba maneno haya yanawahusu watumishi wa makazi tu. Kitanda cha mzee katika chumba cha uani nyumbani kwetu nacho kimo.

Wala jambo hili si la nchi yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hupatwa na dhuluma ya namna fulani katika mwaka mmoja, katika jamii anamoishi. Ama katika nyumba za kutunzia wazee zilizochunguzwa, wahudumu 2 kati ya 3 walikiri kwamba walipata kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Kwa ajili ya hayo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2011 kwamba tarehe 15 Juni ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbusha watu dhuluma wanayofanyiwa wazee.

Tutawasimulia tuliyoyaona kwa macho yetu, bila ya kutaja mahali. Tulikwenda siku moja kuwatazama wazee, tumechukua sabuni, sukari na mashuka. Tulipokelewa vizuri. Mzee mmoja alikuwa amelala ubavu, na mhudumu amesimama karibu naye. Tukamwuliza hali. Akasema, "Sijambo, wananitunza vizuri." Midomo yake ilikuwa imekauka hata imepasuka. Kikombe chake cha maji kilikuwa juu ya dirisha, mahali ambapo mkono wake haukuweza kufika. Mhudumu alipoitwa nje, mmoja wetu alimpa maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Kisha tukaifunua miguu yake. Alikuwa amepata kuugua ukoma katika ujana wake, akapona, lakini ganzi ilibaki. Katika kisigino chake palikuwa na kidonda kikubwa alichokuwa hakisikii.

Alipelekwa hospitali siku ile ile. Kidonda kilikuwa kimekwisha kufika mfupani, na mguu ukakatwa. Yule mhudumu alilia akasema, "Hakuwahi kulalamika." Ilikuwa kweli, hakulalamika, kwa kuwa hakusikia maumivu. Na ilikuwa kweli pia kwamba mhudumu yule alikuwa peke yake kwa siku mbili mchana na usiku, akiwahudumia watu zaidi ya 30. Lakini kidonda kile hakikutaka fedha nyingi wala elimu kubwa. Kilitaka mtu wa kuufunua mguu na kuutazama kila siku. Nasi tulipojiuliza ni lini tulifika pale mara ya mwisho, tuliona kwamba mwaka mzima ulikuwa umepita.

Basi tuzijue namna za dhuluma. Wataalamu wamezigawa katika mafungu matano. La kwanza ni la mwili: kupiga, kusukuma, kufunga kwa kamba, kumpa mzee dawa za kumlaza ili asisumbue. La pili ni la moyo: kutukana, kutisha, kumdhihaki mtu mzima kama mtoto, au kuacha kusema naye kabisa. La tatu ni kumvunjia heshima ya mwili wake, na uovu huo huwafikia hata wakongwe, wake kwa waume. La nne ni la mali. La tano ni kutelekeza, yaani kutofanya lile ulilopaswa kulifanya. Fungu hili la tano halina kelele, na aghalabu mwenye kulitenda hujiona hana kosa, kwa kuwa hakufanya kitu. Na kutofanya kitu ndiko kulikomkata mguu mzee wetu.

Sasa tueleze dalili. Tazama mikono ya mzee. Michubuko ya mviringo katika mikono yote miwili, juu ya viwiko, huenda ikawa ni alama za vidole vilivyomshika kwa nguvu. Mistari katika vifundo vya mikono au vya miguu huenda ikawa ni alama za kufungwa. Tazama mahali panapobeba uzito wa mtu aliyelala: kitakoni, nyonga na visigino. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mahali hapo, na huanza kwa wekundu au weusi usioondoka. Kwa hiyo yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Mzee mwenye ganzi, ya ukoma au ya kisukari, hawezi kukuambia panapomuuma. Macho yako ndiyo yawe maumivu yake.

Tazama kinywa. Ulimi mkavu na mkojo mweusi kama chai ya rangi ni dalili za kukosa maji. Tazama nguo: zikimpwaya kuliko zilivyokuwa mwezi uliopita, amekonda, na yafaa kuuliza chakula chake kinakwenda wapi, au kama meno yake yanaweza kukitafuna. Tazama kucha, na nywele, na shuka. Pua nayo hushuhudia. Tazama vitu vilivyo karibu naye: fimbo yake iko wapi, miwani yake iko wapi, maji yako umbali gani. Mtu aliyenyang'anywa fimbo amefungwa, ijapokuwa mlango uko wazi.

Tazama tena mwenendo wake. Mzee aliyezoea kuzungumza akinyamaza ghafula mhudumu fulani aingiapo, au akijikunja mtu ainuapo mkono, kuna neno. Mzee anayelala mchana kutwa, asiyeamka hata kwa salamu, huenda amepewa dawa isiyoamriwa na daktari. Na mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo akababaika asijue yuko wapi, usiseme ni uzee tu, wala usikimbilie kwa mpiga ramli. Homa, ugonjwa wa njia ya mkojo na ukosefu wa maji huweza kumbabaisha mzee kwa siku moja. Huyo ni wa kupelekwa hospitali upesi.

Ama mali, tuulize kwa adabu. Zawadi alizoletewa ziko wapi? Nani hupokea fedha zake? Je, ametia dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na jambo hilo liliwapa wazee wengi heshima. Lakini kila palipo na fedha ya mnyonge yapasa pawe na jicho la mwaminifu.

Hata hivyo, ndugu zetu, dalili si hukumu. Ngozi ya mzee ni nyembamba, huchubuka kwa jambo dogo. Wazee huanguka hata wakitunzwa vyema. Tena mgonjwa aliyekaribia mwisho wake hukonda ijapokuwa analishwa kwa mkono. Katika Surat Al-Hujurat tumeamriwa kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mhudumu mwema aliyesingiziwa naye amedhulumiwa. Kwa hiyo dalili moja ituamshe tuulize. Na dalili nyingi zikikutana, au maelezo ya kisa yakibadilika kila mara, zitupeleke mbele ya wenye mamlaka.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwatembelee, na tusiwe na siku moja inayojulikana. Anayefika siku ya Idi peke yake huonyeshwa mashuka ya Idi. Afike leo asubuhi, wiki ijayo jioni, siku nyingine wakati wa chakula. Katika haki za Mwislamu juu ya ndugu yake, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametaja kumzuru mgonjwa.

Pili, tuzungumze na mzee peke yake, na katika lugha yake. Mzee wa Kinyamwezi ukimwamkia "Mwangaluka" kabla ya kumwuliza neno, amejua kwamba umekuja kwake, hukuja kukagua. Anayesema Kiha au Kirundi atafutiwe wa kusema naye. Tukae, tusiulize tumesimama. Wala tusimwulize, "Wanakupiga?" Tumwulize, "Usiku ukihitaji kutoka, nani hukusaidia? Ukimwita, huchukua muda gani?" Majibu ya maswali hayo hueleza mengi.

Tatu, mwenye hatari ya maisha ashughulikiwe kwanza. Kidonda kirefu, homa, kubabaika, kukosa maji, haya hayangojei kikao. Hapa mjini iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Maswali ya nani mkosa yatafuata baadaye.

Nne, tuandike. Tarehe, saa, tulichokiona, alichokisema mzee kwa maneno yake mwenyewe, na aliyekuwapo. Kumbukumbu ya kichwani hupotea, na mbele ya mkuu neno lililoandikwa lina uzito. Lakini tusiupige picha uchi wa mzee na kuusambaza katika simu kwa kudai kwamba tunamtetea. Hiyo nayo ni dhuluma.

Tano, tufikishe habari mahali pake. Tuanze na msimamizi wa makazi, ikiwa yeye si mshukiwa. Asiposikia, twende kwa afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri yetu. Kwa mzee aliye nyumbani, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata ataweza kutuongoza. Na palipo na kupigwa, kubakwa au wizi, hilo ni jambo la polisi, wala halifai kumalizwa kwa kikao cha ukoo ili kulinda jina la familia. Jina la familia lililolindwa kwa machozi ya mzee halikulindwa.

Sita, baada ya kusema, turudi kesho yake. Mzee aliyefunua siri hubaki katika kitanda kile kile usiku, pamoja na watu wale wale. Tukimsemea kisha tukatoweka, tumemwongezea hatari.

Saba, tuwasaidie wahudumu. Aliye peke yake na wagonjwa 30 atachoka, na uchovu ni mlango mpana wa ukali. Vijana wetu waweza kuteka maji, kufua, kulisha, kugeuza wagonjwa, ili mhudumu apate kulala. Imesimuliwa kwamba sahaba Talha alimwona Khalifa Umar akiingia usiku katika nyumba moja Madina. Asubuhi akaenda kutazama, akamkuta bibi kizee kipofu asiyeweza kuinuka. Alipomwuliza, bibi akamjibu kwamba mtu yule huja kumtengenezea mambo yake na kumwondolea uchafu. Mtawala wa dola kubwa hakuona aibu kuosha uchafu wa mzee asiye mama yake. Na imesimuliwa pia kwamba Umar huyo huyo alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akaamuru apewe riziki kutoka Baitul Mali. Basi tusiulize dini ya mzee kabla ya kumpa maji.

Liko neno moja zaidi lihusulo upande wetu huu wa magharibi, na hatuwezi kulinyamazia. Katika nchi ya Unyamwezi na Usukuma akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamenyooshewa vidole kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi. Ni miaka 50 ya kuinama jikoni wakituchemshia uji sisi tunaowanyooshea vidole. Sheria ya nchi yetu yakataza kumsingizia mtu uchawi. Anayemfukuza mama yake kwa neno la mpiga ramli, kisha akasema kwamba huko makazini atatunzwa, asidhani ametua mzigo. Ameuacha kando ya njia.

Ndugu zetu, kumpeleka mzee mahali pa kutunzwa si dhambi kwa kila mtu. Wako wasio na nguvu, wako waliofiwa, wako wenye wagonjwa wanaohitaji ujuzi ambao nyumbani haupo. Lakini kumkabidhi mtu amana si kuachana nayo. Katika Surat Bani Israil, aya ya 23, tumekatazwa kuwatamkia wazazi wetu waliozeeka hata neno dogo la kuonyesha kwamba tumechoshwa nao. Ikiwa neno dogo limekatazwa, kimya cha mwaka mzima tutakiitaje?

Yule mzee tuliyemsimulia yu hai mpaka leo. Tulipomzuru hospitali baada ya kukatwa mguu, tulijitayarisha kwa lawama, nasi tulizistahiki. Hakutulaumu. Alitushika mkono, akatuuliza neno moja tu: "Mtakuja tena lini?"

Swali hilo hatukuulizwa sisi peke yetu. Anaulizwa kila mwenye mzee aliye mikononi mwa wengine, hapa Ipuli, na Kolandoto, na Sebleni, na katika chumba cha uani. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie kulijibu kwa miguu yetu kabla ya kulijibu kwa ndimi zetu, awape afya wazee wetu, awape subira na malipo mema wanaowatunza kwa uaminifu, na atupatie nasi, siku tutakapokosa nguvu za kukifikia kikombe, mtu wa kurudi kututazama. Amin.